Mtani Aliyesema Pole

Bega langu la kulia limeshuka kuliko la kushoto, na fundi anayenishonea kanzu hunung'unika kila anaponipima. Mwacheni anung'unike. Bega hilo ndilo lililoingiza mjini humu nusu ya vitu mnavyopita mkivitazama: vioo vya urefu wa mtu kwenye majumba ya Shangani, makasha ya chuma ya Wahindi, mawe ya sakafu yaliyotoka ng'ambo ya bahari. Ukiona kitu kizito kimekaa ghorofani na hujui kilipandaje ngazi zile, jibu ni mimi na wenzangu.

Nimeiacha kazi baada ya Idi hii iliyopita. Nimeiacha kwa hiari yangu, nikaondoka kwa miguu yangu miwili, vidole vyote kumi vya mikono vikiwa mahali pake, jambo ambalo katika uhamali si wengi wanaoweza kujisifia. Mimi najisifia. Nawaandikia nyie vijana mlioshika mpiko nyuma yangu. Khati hii ni yangu mwenyewe, msiicheke. Chuoni nilifika juzuu ya mwisho tu, maana mwalimu alikuwa na bakora na mimi nilikuwa na mbio. Habari za namna nilivyopanda mpaka kuwa mnyapara, na nilichokuwa nikilipwa, sitazitia humu. Aliyepanda anajua, na aliyelipwa ameshakula. Nitawaambia kazi.

Nilishuka mjini kutoka Mangapwani mwaka wa pili baada ya mizinga ya manowari kulivunja jumba la Sayyidi. Watu wa mashamba tulikuwa tumeanza kuachiwa twende tutakako, na mimi nilitaka kwenda penye kelele. Nilikuwa na shuka moja kiunoni na kifua ambacho mpaka leo sijaona mfano wake. Nikaenda moja kwa moja Forodhani, kwenye shehena.

Mnyapara wa siku hizo alikuwa Mzee Songoro, mtu mfupi, mashavu yamejaa tambuu, hasemi neno mpaka ateme kwanza. Nikamwamkia, nikamwambia nataka kazi. Akaendelea kutafuna tambuu. Nikaona huyu anataka kuonyeshwa nguvu. Nikainama, nikajitwika gunia la mchele peke yangu, nikalipeleka ghalani mbio, nikarudi nikachukua jingine. Mahamali wote wakasimama wananitazama. Nilijua wanastaajabu.

Songoro akatema. "Nani anakufukuza?"

"Hapana mtu, mzee."

"Yule ulompita pale mlangoni, ukampiga kikumbo na gunia lako, jina lake nani?"

Sikulijua.

"Basi hujabeba kitu. Nenda kajue majina, kisha urudi."

Siku yangu ya kwanza ya uhamali, kwa hivyo, sikubeba tena. Nilizunguka nikiuliza watu majina kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea, na kila niliyemwuliza alinicheka. Lakini jua lilipopinduka nilikuwa nayajua yote, ya kila mtu na ya baba yake, na tangu siku ile sijasahau jina la mtu hata mmoja. Hiyo ni karama. Wengine mtaipata kwa taabu.

Vyombo vya kazi Songoro alinionyesha hivi. Kata ya kichwani isokotwe kwa kitambaa kikuukuu, kipya huteleza. Kamba iwe ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, iloweshwe maji kidogo kabla ya kufungwa, ili ikikauka ibane. Mpiko, yaani ule mti mnaouweka mabegani na mzigo ukaning'inia katikati, uwe wa boriti iliyokaa kivulini muda mrefu; uliokaushwa juani utakatika siku ambayo hutaki ukatike. Hayo mnayajua. La nne ndilo watu hawalijui, na ndilo lililonifanya mimi niwe mimi.

Kila asubuhi, kabla mtu hajagusa kamba, Songoro alikuwa akiita majina, na kila mmoja huitika, "Naam." Nilidhani anatazama nani hakuja. Kumbe anasikiliza. Siku moja aliniita, nikaitika, akasema, "We leo nyuma."

"Mzee, kwani nimefanya nini?"

"Hujafanya. Naam yako ina hasira, na mwenye hasira hukaza bega. Mwenye kukaza bega humwangusha mwenzake. Kaa nyuma mpaka ilainike."

Na kweli nilikuwa nimegombana na mwenye nyumba niliyopanga. Songoro alikuwa akiijua naam ya mgonjwa, naam ya mlevi na naam ya hasira, basi. Mimi nilipokuwa mnyapara nilimpita mbali. Niliijua naam ya aliyegombana na mkewe, na naam ya aliyegombana na mkewe na haki iko kwa mkewe. Niliijua ya mtu anayeumwa jino na hataki kusema, ya mwenye furaha ya kupata mtoto, na huyu naye ni wa kuangaliwa, kwa kuwa mwenye furaha hatazami anapokanyaga.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa mwanamke, na sioni haya kusema. Bi Zafarani alikuwa akiuza uji wa pilipili manga na vitumbua ukutani pa ghala kubwa. Mwili wake mwembamba, sauti yake nene. Siku moja karani mmoja wa ghalani alinitukana mbele ya watu, akanitukana na mama yangu aliyeko Mangapwani ambaye hamjui. Nikamfuata. Kila mtu aliona namfuata kufanya nini. Nikipita mbele ya Bi Zafarani, akaniita.

"We Feruzi!"

"Naam, Bi."

"Wenda kumpiga?"

"Nnakwenda kumvunja."

"Vizuri. Kunywa uji kwanza, usimpige na njaa." Akanitilia bakuli, wa moto, unatoka moshi. "Unywe wote. Ukisha, nenda kamvunje. Mimi mwenyewe ntakushikia kanzu."

Ndugu zangu, uji wa moto haunyweki kwa hasira. Ukiukurupukia unakuunguza, kwa hivyo unapuliza, unanyonya ukingoni, unapuliza tena. Pumzi inashuka bila wewe kuiamuru. Nilipofika chini ya bakuli nilikuwa nikiona wazi kwamba karani yule mabega yake ni kama ya kuku, na kwamba mimi nikimgusa atakufa, nami nitafungwa kwa ajili ya kuku. Nikarudisha bakuli.

"Ushakwisha?" akauliza Bi Zafarani. "Na hasira?"

"Zimebaki kidogo."

"Hizo kidogo kabebee mzigo."

Nilipotawala kundi, baada ya magoti ya Songoro kukataa ngazi, niliifanya kuwa sheria: mtu yeyote anayetaka kugombana na mwenzake, ruhusa, lakini kwanza uji. Wanyapara wengine walinicheka, wakatuita kundi la wanywa uji. Waliendelea kutucheka huku watu wao wakivunjana meno na mizigo yao ikilala chini, na wenye mali wakija kwangu.

Sasa nitawaeleza habari ya Bi Harusi, kwa maana mmeisikia kwa watu ambao hawakuwapo, na mwenyewe nilikuwapo, na nilikuwa mkubwa wa kundi.

Katika kundi langu watu wa mbele walikuwa wawili, Pazi na Mihambo. Pazi Mzaramo, mwembamba, mrefu, mcheshi. Mihambo Mnyamwezi, mwili mfupi na mwepesi, shingo kama gogo. Mnajua kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya bara, na mtani hana adabu kwa mtani wake: atamtukana, atamnyang'anya kofia, atamlia chakula, na mwenye kukasirika ndiye mwenye makosa. Wawili hawa walitukanana kutoka Forodhani mpaka Malindi, kutwa, mwaka nenda mwaka rudi. Wageni walidhani watauana. Mimi nilikuwa nikisikiliza matusi yale kama nahodha anavyosikiliza mtu aliyeko mbele ya chombo na bildi ya kupimia kina mkononi. Pazi akisema, "Inua kwato, we mla kumbikumbi, huoni kidaraja!" maana yake kuna kidaraja. Mihambo akisema, "Vuta tumbo lako la ngoma, Mzaramo, ukuta unakuja!" maana yake kona ni nyembamba. Mmoja anaangalia kulia, mwingine kushoto, na tusi huruka haraka kuliko neno zuri. Kundi zima nyuma linatembea kwa matusi ya wale wawili, na mzigo haukugusa ukuta.

Kisha mama yake Pazi akafa. Alikuwa akikaa na mwanawe mtaa wa Ng'ambo, na sote tulikula wali wake. Tukaenda kuzika, tukakaa matangani. Baada ya matanga Pazi akarudi kazini, na mimi asubuhi nikaita majina.

"Pazi!"

"Naam."

Ilikuwa naam safi. Laini, haina kovu. Nikamwita Mihambo, naye vilevile. Nikafurahi, nikasema hawa wamekuwa watu wazima.

Bi Zafarani ndiye aliyenizindua, aliponiona nimesimama kwake nimeridhika. "Feruzi mwanangu, wale watu wako wawili wamegombana."

"Hawajagombana, Bi. Hata tusi moja sijasikia tangu juzi."

"Ndilo nikwambialo. Mnyamwezi kamwambia mwenzake 'tafadhali.' Nimesikia kwa masikio yangu. Na yule kamjibu 'ahsante, ndugu.' Watani hao!" Akatikisa kichwa kama aliyeona nyumba inaungua. "Tangu lini?"

Nikawapeleka kwenye uji wote wawili. Wakakaa, wakanywa, wakashukuru, wakarudisha mabakuli, wakaondoka kila mtu upande wake. Bi Zafarani akayatazama mabakuli. "Uji wangu unatibu moto," akasema. "Hawa wana baridi. Sina dawa yake."

Siku hizohizo tajiri mmoja mwenye kukamua mafuta ya nazi aliletewa mashine kutoka Ulaya, na pamoja nayo tangi kubwa la chuma la kuchemshia maji yakatoa mvuke. Lilikuwa na umbo la mtungi, refu kuliko mtu, na chini lina mdomo wa kutilia kuni, mpana kiasi cha mtu kupenya akijikunja. Sisi tulilipa jina Bi Harusi, kwa unene, kwa uzito, na kwa kuwa watu wengi walikuwa wakimngoja. Lilitakiwa lifike kiwandani kwake Malindi, lipite katika vichochoro vya Kiponda, ambamo gari halipindi kona. Lazima lilazwe, lifungwe kamba, liende kwa mipiko, kundi zima, mabega kwa mabega. Wanyapara wawili walilitazama wakakumbuka wana udhuru. Mimi nilisema ntalipeleka.

Asubuhi ya kazi Pazi akanivuta pembeni. "Mnyapara, nikisha mzigo huu narudi kwetu Mrima. Usiniulize kwa nini."

Sikumwuliza. Nilikuwa na Bi Harusi wa kufikiri. Tukalifunga, tukaweka mipiko, wale wawili mbele. Nikatoa sauti yangu, ambayo mmewahi kuisikia: "Nani kachoka?" Wakaitikia, "Si mimi!" "Nani kachoka?" "Jirani!" Likanyanyuka kutoka ardhini kama halina haja ya ardhi. Tukapita Forodhani, tukaingia Kiponda, watu wanatoka madirishani kutazama.

Kwenye kona iliyo nyembamba kupita zote, kuna ngazi ya nyumba inayojitokeza njiani. Pazi aliiona, maana ilikuwa upande wake. Nikamsikia akisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Ndugu Mihambo, tafadhali, nadhani hapo mguuni pako kuna..."

Alipofika "kuna," Mihambo alikwisha kujikwaa. Mpiko wa mbele ukapinda, Bi Harusi akayumba, akakwaruza ukuta chokaa ikamwagika, na mtu wa katikati akabanwa kwenye baraza mpaka nikasikia pumzi yake. Nikapiga ukelele, "Tua!" Wakatua kwa mara moja. Hakuumia mtu. Ni Mungu, na baada ya Mungu ni ukelele wangu.

Sasa tazameni tulipo. Tangi limelala kichochoroni limeziba kama kizibo cha chupa. Nyuma kuna punda wa maji, mbele kuna muuza samli, na juu mwanamke mmoja ametoa kichwa dirishani.

"Nyie mahamali! Mtalala hapahapa?"

"Tunapumzika, Bi."

"Pumzikeni, lakini mzigo wenu umenizibia mlango. Nina wageni! Watokee dirishani?"

Akaja msimamizi wa tajiri, mwavuli mkononi, jasho linamtiririka. "Feruzi, nini hii? Tajiri anangoja. Mkishindwa semeni, niwaite mahamali wa Kishihiri waje wachukue."

Kundi zima likanitazama. Kila hamali anajua maana yake. Mzigo ukikulemea bandarini, ni bahati mbaya. Ukitolewa mabegani mwako katikati ya njia, mbele ya madirisha, ukapewa wapinzani wako, hakuna atakayekupa mzigo mwingine. Kundi nililolijenga kwa miaka lingekufa pale Kiponda, na Pazi angepanda chombo kwenda Mrima, na watu wangu wangetawanyika kila mtu na kamba yake.

"Bwana," nikamwambia, "Bi Harusi hafukuzwi njiani. Kaa kivulini. Tutapita."

Nikamchukua Pazi tukaketi barazani. Sikumwuliza ana nini. Mtu ukimwuliza ana nini hukujibu hana kitu. Nikamwuliza, "Msibani, Mihambo alikuja?"

"Alikuja."

"Akafanya nini?"

Akanyamaza. Nikamwachia ukimya, na hili mlishike: ukimya wa mwenzio usiujaze. Mwishowe akasema, taratibu, "Aliniambia pole."

"Alisema nini?"

"Pole! Mihambo! Kaja, kavua kofia, kakaa upande wa wageni, kanishika mkono kaniambia pole, ndugu, Mungu akupe subira. Kama mwenye duka! Mtani wangu!" Akaigeuza kofia yake kichwani. "Mtani kazi yake nini msibani? Si aje aingie kaburini, akatae kutoka mpaka tumpe kitu? Si amwigize marehemu, atutukane, watu wacheke, na mtu akicheka ndipo machozi yapate njia? Mimi nimemngoja. Siku zote za matanga nimemngoja yeye tu. Hakuja. Alokuja ni mtu mwingine kasema pole. Mama yangu kazikwa kama mgeni, Feruzi. Mpaka leo sijalia."

Hapo nikalijua jambo lote, maana jambo nikilishika ncha huwa silihitaji lote. Nikavuka kamba nikamwendea Mihambo, aliyekuwa amesimama na mguu wake uliojikwaa ameukunja kama kuku.

"Mihambo, mama wa Pazi hukumtania kwa nini?"

Akatazama chini. "Nlikuja kumtania. Nlikuwa na maneno tele, nimeyatunga njiani. Nikaingia, nikaona miguu chini ya sanda." Akausugua ule mguu wake. "Mama yangu alikufa Unyamwezi nami niko huku. Habari imenifikia mwaka umepita. Sikumwona. Nlipoiona ile miguu, nlimwona yeye. Ulimi ukafa, mnyapara. Nikasema pole, sikupata neno jingine."

"Ulimwambia Pazi hayo?"

"Nimwambie vipi? Ni mtani wangu. Mtani huambiwa mambo ya kulia?"

Sasa mimi, kwa asili, sina mtani. Nilizaliwa shambani Mangapwani na sijui babu yangu alitoka kabila gani. Kwa hivyo kazi ile sikuweza kuifanya badala yake, na neno langu lolote zuri lingekuwa pole nyingine tu. Mtu anayetaka kupatanisha watu lazima ajue mlango usio wake. Nikamgeuza Mihambo kwa mabega, nikamwonyesha Bi Harusi amelala, mdomo wake wa kuni umeachama.

"Unaona nini?"

"Tangi."

"Tazama tena. Lina shimo."

Akatazama. Kisha akanitazama mimi. Akavua kofia, akanipa nimshikie, akajikunja, akapenya kichwa, mabega, kiuno, mpaka zikabaki nyayo. Nazo zikaingia.

Kichochoro kizima kikasema, "Ala!"

Na kutoka ndani ya chuma ikatoka sauti, nyembamba, kali, ya bibi kizee, lakini chuma kimeikuza mpaka madirisha yanatetemeka:

"Nyie! Nani kanilaza humu? Mimi mama yake Pazi! Nyumba gani hii haina dirisha?"

Msimamizi akaangusha mwavuli.

"Mwanangu yuko wapi, yule bahili? Sanda kaninunulia fupi, vidole viko nje, nnapata baridi! Na mchele wa matanga kanunua wenye mawe, nimeona! Mwiteni mwanangu Mihambo, Mnyamwezi yule mzuri. Ndiye akinikatia kuni. Huyu Mzaramo wangu nyumba ikiungua huuliza ngoma inapigwa wapi!"

Pazi alisimama. Sikuujua uso wake unakwenda wapi. Akaufuata mdomo wa tangi, akainama, akapiga chuma kwa kofi.

"Toka kwenye kaburi la mama yangu, we mla kumbikumbi!"

"Sitoki! Nikitoka ntakaa wapi? Kwako hata mkeka hakuna!"

"Toka, shingo nene! Umechelewa! Matanga yamekwisha, unakuja leo?"

 Kisha sauti ikatoka, na sasa haikuwa ya bibi kizee. "Nlipotea njia, Mzaramo. Nlikwenda kaburini kwa mama yangu kwanza."

Pazi akaelewa. Akacheka, kicheko kikakatika katikati, na kilichokuja nyuma yake kilikuwa kilio. Alilia ameegemea Bi Harusi, bega lote linakwenda, mbele ya punda na samli na wageni wa yule mwanamke, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Mwanamke wa dirishani mwenyewe alijifuta kwa ncha ya leso. Kisha Pazi akavua kofia yake, kofia mpya aliyoishona mama yake kwa mkono wake, akaitupa mdomoni mwa tangi.

"Haya, chukua, mwizi. Sasa toka."

Nyayo zikatoka, kiuno, mabega, na kichwa chekundu kwa kutu, kimevaa kofia ya Pazi mpaka masikioni. Vigelegele vikalia kutoka madirisha ya juu. Mihambo akamtazama mtani wake. "Kofia yenyewe ndogo. Mna vichwa vya dagaa nyie."

Nikasema, "Mpikoni!"

Sijapata kuona mzigo ukienda vile. "Nani kachoka?" "Si mimi!" "Nani kachoka?" "Jirani!" Na mbele: "Mguu, we kipofu, ngazi!" "Nimeiona kabla mama yako hajazaliwa! Ukuta huo, vuta pua yako!" Bi Harusi akapinda kona bila kugusa chokaa. Watu wakatufuata kama wanafuata ngoma, Washihiri waliosikia habari wakaja kuchukua mzigo wetu wakajibanza ukutani kutupisha, na mmoja wao akatuitikia wimbo. Tulipoliweka Malindi, tajiri alitoka mwenyewe kulipokea. Jina la kundi langu lilifika mpaka Fumba kule kusini kabla ya magharibi, na wiki ile wanyapara wawili wenye udhuru walikuja kuniuliza uji ule unanunuliwa wapi.

Pazi hakwenda Mrima.

Haya basi, vijana. Mkitaka kuongoza watu, yajueni majina. Sikilizeni naam. Mwenye moto mpeni uji. Mwenye baridi tafuteni anamngoja nani. Na tusi likikoma ghafla baina ya watani wawili, msifurahi kama nilivyofurahi mimi, simameni.

Siku yangu ya mwisho nilifika Forodhani mapema, nimevaa kanzu safi, nimekusudia kuwaaga kwa maneno mazito. Nikawakuta wamekwisha kupanga mstari. Pazi, ambaye sasa ndiye mnyapara, alikuwa akiita majina, na Mihambo kando yake, kofia ile kichwani, imechakaa mpaka haina rangi, na bado ndogo. Wakaita watu wote. Kisha Pazi akaita, "Feruzi!"

Jina langu nilikuwa sijaitwa mstarini miaka mingi. Nikaitika, "Naam."

Wakatazamana.

"Umeisikia?" akauliza Pazi.

"Nimeisikia," akasema Mihambo. "Hiyo naam ya mtu anayetaka kulia na kanzu yake mpya."

"Mwongo we!" nikasema.

"Na tusi lake jembamba," akasema Pazi. "Huyu hajapata mtani hata mmoja maisha yake yote, masikini, hajui hata kutukana. Mihambo, tumchukue?"

"Tumchukue. Lakini kichwa kikubwa, kofia yake itanifunika mpaka mdomoni."

Wakanivua kofia mbele ya kundi zima, wakakimbia nayo. Hakuna aliyeniambia pole. Bi Zafarani, ambaye sasa macho yake hayaoni mbali lakini sauti ni ileile nene, aliinua upawa ukutani pa ghala, akaita, "We Feruzi! Njoo!"

"Naam, Bi."

Nikaunywa uji wake wote, kichwa wazi, juani. Ulikuwa wa moto kwelikweli.